Nilivyomchanganyia Mama Mawe Kwenye Maharage

Nimewahi kuchemsha mawe kwenye sufuria, na sioni aibu kulisema. Wenzangu wakisimulia maisha yao ya Marekani husimulia nyumba walizonunua na vyeti walivyotundika ukutani. Cheti hata mimi ninacho, kiko kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Lakini ukiniuliza ni jambo gani nimelifanya huku Texas likanifanya nitembee kifua mbele, nitakuambia ni yale mawe. Sikiliza kwanza, halafu ndiyo unicheke.

Ulikuwa msimu wa baridi wa mwaka aliofariki Baba. Watu wa nyumbani hawaamini kwamba Texas kuna baridi. Wao wanaijua Texas ya ng'ombe na jua. Baridi ya huku haina adabu. Jumatatu unatembea na fulana, Jumanne upepo unashuka kutoka kaskazini, Jumatano mlango wa gari umegandana na wewe umesimama nje unahangaika nao huku unatukana kimoyomoyo. Halafu mawingu yanakuja na kukaa. Wiki mbili, wiki tatu, mbingu yote ina rangi ya majivu ya jana.

Baba tulimzika Agosti. Mimi na kaka yangu, anayeishi Alief kule Houston, tulikubaliana kwamba Mama asibaki peke yake katika nyumba ya Singida ambayo kila pembe ina Baba. Mimi ndiye niliyesema aje kwangu Euless, nikakata tiketi kabla kaka hajamaliza kufikiri. Naishi na binti yangu tu, wa miaka tisa, katika apatimenti ya vyumba viwili iliyo karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba vikombe hutetemeka kabatini. Mama alifika Oktoba. Nilijiona mtoto bora kuliko watoto wote duniani, na niliwapigia simu shangazi zangu wote ili wasije wakakosa habari hiyo.

Lazima nikueleze Mama ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo hutaelewa. Kwa miaka thelathini aliuza nafaka katika soko la Singida: maharage, choroko, mchele, uwele. Sauti yake wateja waliisikia kabla ya kukiona kibanda. Alikuwa akichota maharage kwa kiganja, anayanusa, anatafuna moja, anakuambia yamelimwa wapi na yamelala ghalani misimu mingapi. Madalali wa malori walimwogopa. Baba mwenyewe, aliyekuwa mwalimu mkuu na mtu wa kuheshimiwa, alikuwa anapita mbali na kibanda siku ambazo mzigo umekuja mbovu.

Sasa mwanamke huyo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, blanketi mabegani, pazia limefungwa. Natoka alfajiri kwenda kazini, kwenye jiko kubwa linalopika chakula cha abiria wa ndege, ambako kazi yangu ni kupanga trei. Narudi saa nane mchana, Mama yuko palepale. Chai niliyomwachia kwenye chupa iko vilevile. Ninamwambia shikamoo, anajibu marahaba kwa sauti ya mtu aliyebeba mzigo. Ninamuuliza kama anataka chochote.

“Sawa tu, mwanangu,” anasema.

Mtu anayejibu “sawa tu” kwa kila swali, hata swali la uji au chai, huyo hayuko sawa. Wiki ya kwanza ya Desemba gauni lake la kanisani lilikuwa linamning'inia.

Kaka alipiga simu Jumapili moja baada ya ibada. Ni mtu mwema, ana watoto watatu na kazi mbili, lakini akiwa na wasiwasi husema maneno kama anayasoma kwenye karatasi.

“Mdogo wangu, tusidanganyane. Mama anaisha. Bora akaishie kwao. Mwisho wa Januari nakuja, namkatia tiketi, anarudi.”

Akaishie! Kama mshumaa. Nilimkatia simu. Halafu nikajifungia bafuni nikafungua bomba ili binti yangu asisikie, nikalia, kwa sababu kaka alikuwa amesema kitu ambacho mimi nilikiogopa tangu Novemba. Kama Mama angerudi hali ile katika nyumba ile, asingefika Pasaka. Nilijua hivyo kama ninavyolijua jina langu. Nikanawa uso na kujiapiza kwamba kaka atakapokuja atamkuta mama yake, siyo blanketi.

Nina rafiki, Mkenya, muuguzi, anakaa Richardson. Nilimwendea nikitaka dawa.

“Hiyo ni depression, sister, na hii winter inamaliza watu,” aliniambia. “Lakini kuna vitu kidogo kidogo zinasaidia. Mfungulie curtains asubuhi. Nunua ile taa ya mwanga, mu-expose nusu saa. Atembee. Aongee na watu wake. Na akikataa kabisa kula, unanipigia, tunampeleka kwa daktari, sawa?”

Niliandika yote nyuma ya risiti. Mimi ni mtu wa utekelezaji. Pazia nililifungua, nikirudi nalikuta limefungwa. Taa niliinunua, kubwa, nyeupe, inayounguruma; Mama akaitazama siku moja, siku ya pili akaifunika kwa kanga, akasema inamwuliza maswali. Nikampeleka kwenye jumba la maduka ili atembee mahali pasipo na upepo. Akatembea hadi kwenye benchi la kwanza. Nikawapigia simu watu wa nyumbani mmoja baada ya mwingine ili aongee nao, na kila mmoja alimpa pole upya, na kila pole ilimzamisha kidogo. Baada ya simu ya nne aliirudisha kwangu kwa vidole viwili.

Sitaki kuidharau orodha ya rafiki yangu. Mimi mwenyewe ile taa ilinisaidia, niliiwasha wakati nakunywa kahawa. Lakini kwa Mama hakuna kilichoshika.

Kilichonifumbua macho ni mchele. Jumamosi moja niliumimina kwenye sinia niuoshe, Mama akawa amekaa mezani kwa sababu nilimlazimisha. Nikaona mkono wake umetoka ndani ya blanketi wenyewe, bila kutumwa. Vidole vikaanza kutandaza mchele, kusogeza huku, kusogeza kule, kutafuta. Akageuza wote. Hakukuwa na jiwe, hakukuwa na pumba, hakukuwa hata na punje iliyovunjika.

“Umeshachambuliwa,” alisema, akalisukuma sinia. “Huku hakuna kazi.”

Akarudi chumbani. Mimi nilibaki na sinia langu nimeduwaa. Tangu Oktoba tulikuwa tukimwambia apumzike. Pumzika Mama, kaa Mama, acha Mama nitafanya mimi. Tulimpa mapumziko mpaka tukakaribia kumwua nayo.

Jumapili iliyofuata rafiki yangu alikuja kukaa na Mama, nikaendesha gari hadi Alief. Kaka alidhani nimekuja kusalimu amri. Nilikuja kugombana naye uso kwa uso, jambo ambalo nililimaliza kwa nusu saa, halafu nikamwambia anipeleke kwenye lile duka la Waafrika, lenye samaki wakavu mlangoni. Nilitoka na ungo, ungo wenyewe wa kusukwa, mkubwa, unanukia nyumbani.

“Umeendesha masaa manne kwa ajili ya ungo?” kaka aliuliza.

“Na nitaendesha manne mengine kurudi nao.”

Maharage niliyapata karibu na kwangu, kwenye duka la Wameksiko ambako wanayauza kwa kuchota kutoka kwenye pipa. Maharage mazuri, ya madoadoa, na kwa bahati mbaya masafi. Kwa hiyo nilishuka kwenye maegesho ya magari, chini ya vile vichaka wanavyovikata vikawa duara, nikaokota mawe. Madogo, ya saizi ya harage, kama ishirini hivi. Jirani mmoja aliyekuwa akimtembeza mbwa alinisalimia kwa uangalifu sana. Nikayapandisha juu, nikayasugua kwa sabuni, nikayachemsha.

Binti yangu alichungulia sufuria.

“Mom, unapika rocks?”

“Napika dawa ya Bibi. Na ukimwambia, utaila wewe.”

“That's so weird,” alisema, lakini alitunza siri kuliko mtu mzima.

Asubuhi nilimwachia Mama ungo mezani na maharage ndani yake, mawe yamechanganyika vizuri. Nikamwambia nimechelewa, anichambulie tafadhali, nikatoka mbio kabla hajasema sawa tu. Siku hiyo kazini nilipanga trei vibaya mara mbili. Niliporudi, pazia lilikuwa wazi. Mama alikuwa amekivuta kiti hadi dirishani, kwa sababu huwezi kuchambua gizani, ungo mapajani, miwani puani. Blanketi lilikuwa sakafuni. Kwenye kikombe pembeni kulikuwa na mawe yangu yote ishirini.

“Haya umenunua wapi?” aliuliza, hata salamu hakungoja.

“Dukani hapo, Mama.”

“Wezi hao. Wanaongeza uzito kwa mawe. Mimi miaka thelathini sijamuuzia mtu jiwe!”

Alikuwa amekasirika. Mashavu yalikuwa na damu. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu amekasirika. Aliyapika mwenyewe yale maharage, kwa sababu eti mimi nayaharibu, na alipoyaonja akasema chumvi haitoshi, na katika kuonja akala sahani nzima. Nilijigeuza kwenye sinki nikajifanya naosha kijiko.

Basi ndiyo ikawa desturi yetu. Jumanne, Alhamisi, Jumatatu. Nikitoka alfajiri nachanganya, nikirudi nakuta kikombe. Mambo mengine yakaanza kuja yenyewe: akawa anaoga mapema ili amalize kazi kabla ya mchana, akawa anakunywa chai kwa sababu kazi inakausha koo, akawa anamngoja binti yangu arudi shule ili amfundishe kupepeta. Mafunzo hayo yalilijaza zulia maharage mpaka chini ya kochi. “Bibi, I almost got it!” mtoto anapiga kelele, na Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha kuhesabu tu, anamjibu, “Kiuno, mjukuu wangu, tumia kiuno!” Nilisimama mlangoni nikiwa bado na kofia ya kazini na kujipongeza bila haya yoyote. Tulikula maharage mpaka mtoto akaniomba msamaha kwa kosa asilolijua.

Lakini mimi ni mvivu, lazima nikiri. Nje kulikuwa na baridi, na mawe tayari yalikuwa kwenye kikombe, masafi. Kwa hiyo sikuokota mengine. Kila mara niliyachukua yaleyale nikayarudisha kwenye maharage mapya, na nikajisifu kwa kubana matumizi.

Wiki ya tatu ya Januari barafu ilifunga barabara siku mbili. Siku ya tatu ilipoanza kuyeyuka nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama amesimama sebuleni, amevaa koti langu refu, kilemba cha kitenge kichwani, viatu miguuni. Mkononi alikuwa na chupa ya jemu, na ndani ya chupa mna mawe.

“Nipeleke kwa huyo muuza maharage.”

“Mama, barabara ina utelezi.”

“Nipeleke. Nataka anitazame machoni.”

Ungefanyaje? Mwezi mzima nilikuwa namwomba atoke nje, na sasa ametoka yeye mwenyewe, anakwenda kumfedhehesha mtu asiye na hatia yoyote. Njia nzima nilitafuta uongo wa pili wa kuushikiza ule wa kwanza, na mimi kwa kawaida sikosi uongo. Tulipoegesha mbele ya duka nilimwona kupitia kioo yule mama mwenye duka, mnene, aproni ya bluu, anampimia mteja pilipili. Mama tayari alikuwa ameshika mkono wa mlango.

“Ni mimi,” nikasema. “Mawe ni ya kwangu. Niliyaokota pale kwetu, kwenye maegesho. Nisamehe, Mama. Ulikuwa unapotea, sikujua nifanye nini.”

Hakugeuka. Hita ilikuwa ikipuliza, vioo vimeingia ukungu. Kisha akafungua chupa ya jemu, akatia vidole, akatoa jiwe moja jekundu, akaniwekea kwenye kiganja.

“Hili nimelitoa Jumanne,” alisema. “Nikalitoa Alhamisi. Jumatatu nikalikuta tena. Nikasema, ama jiwe hili lina miguu, ama mwanangu amechanganyikiwa.”

“Kwa hiyo ulijua?”

“Mimi? Niuziwe jiwe moja mara tatu, mimi?”

Akaanza kucheka. Kwanza mabega tu, halafu tumbo, halafu ile sauti yake yenyewe, sauti ya sokoni, ikajaa gari zima. Sikuwa nimeisikia tangu kabla ya Agosti. Nikacheka na mimi mpaka nikashindwa kupumua, na yule mama wa dukani akatuchungulia.

“Sasa mbona uliendelea kuchambua?” nilimuuliza, nikijifuta machozi.

Alifunga kifuniko cha chupa. Macho yake pia yalikuwa na maji.

“Tangu baba yako aondoke, kila mtu amenipa pole. Nimezibeba pole mpaka nimechoka. Wewe ukanipa mawe. Nikawa kila asubuhi nasema, ngoja niamke, nione leo mjinga wangu kayaficha wapi.”

Sijapewa sifa kubwa kuliko hiyo, na sitegemei kupewa.

Dukani aliingia vilevile, maana alisema hawezi kuvaa kilemba chote kile bure. Aliuzamisha mkono kwenye pipa la maharage hadi kwenye kiwiko, akanusa, akatafuna moja, akakunja uso. Mwenye duka akaja haraka. Hakuna lugha waliyoshirikiana, lakini nilichokiona ni watu wawili wa kazi moja. Mama alimwonyesha harage lililokunjamana. Yule mama akainua mabega kukubali, akaenda stoo akarudi na mfuko mwingine. Mama akachota, akanusa, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Walipeana mikono. Mimi nilisimama katikati yao sina kazi, na kwa mara ya kwanza maishani sikutamani kusema neno.

Kaka alifika Jumamosi ya mwisho ya Januari, gari lake chafu kwa chumvi ya barabarani, uso wake wa msibani. Mlango ulifunguliwa na Mama. Alimtazama kuanzia juu hadi chini, akaitikia shikamoo yake, akamwambia amekonda na kwamba suruali ile haimfai baba wa watoto watatu. Kaka alikaa kwenye kochi akanitazama mimi, akamtazama Mama, akanitazama tena. Mama alipokwenda jikoni, alininong'oneza.

“Umeshinda, mdogo wangu. Abaki.”

Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu ya ushindi wiki nzima. Sikupata kuitoa.

“Nani abaki?” Mama aliuliza kutoka jikoni. Akatokea mlangoni na mwiko. “Tiketi si ulisema unakata? Kata. Kibanda changu kimefungwa miezi minne. Wateja wangu huko wanakula maharage ya nani?”

“Lakini Mama,” nilisema, na sauti ilinitoka ya kitoto kabisa, “mimi nilihangaika yote yale ili ubaki.”

“Ulihangaika ili nipone. Nimepona, mwanangu. Mtu mzima anarudi kazini.”

Nilikasirika. Nitaieleza kweli: niliosha vyombo kwa kelele jioni nzima, na siku mbili nilimjibu “sawa tu”. Nilikuwa nimempokonya kaka ushindi na sasa Mama ananipokonya mimi. Ilinichukua mpaka siku ya tatu, nikikunja magauni yake, ndipo nikagundua kwamba nililokuwa naliogopa si safari. Nililiogopa lile neno la kaka, akaishie, na mtu niliyekuwa nampangia sanduku hakuwa na habari nalo. Alikuwa amekaa kitandani, pazia wazi, akimpigia shangazi kumwambia asafishe kibanda na asimwamini dalali yeyote mpaka afike.

Uwanja wa ndege tulikwenda sote. Kaka, kwa ule wema wake, alikuwa amemwombea kiti cha magurudumu alipokata tiketi, bila kumwuliza mtu. Mwanamke mmoja Mhabeshi mwenye sare alikuja nacho akitabasamu. Mama alikitazama.

“Cha nani hiki?”

“Chako, Mama,” kaka alisema kwa aibu. “Safari ndefu.”

Mama aliuvua mkoba wake begani, akauketisha juu ya kiti katikati, akaufunga mkanda. Akamwashiria yule mwanamke asukume. Kisha akatangulia mbele, mgongo wima, anawapita vijana wenye mabegi, na nyuma yake mkoba ukamfuata kwa gari lake huku Mhabeshi akicheka mpaka akajishika mdomo. Nilimtazama mpaka kilemba kikapotea upande wa pili wa ukaguzi.

“Sasa unalia nini?” kaka aliniuliza.

“Silii,” nilimwambia. “Naringa.”